Kwenda Kitulo Bila Msiba

Mie na mume wangu tumesafiri sana. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani sie ni watu wa kushinda ndani. Tumefika Tabora, Kigoma, Singida, Tanga, Lindi na Mbeya, na kote huko tulikwenda kwa sababu kuna mtu amefariki au kuna mtu anaoa. Harusi zilikuwa tatu. Zilizobaki zote misiba. Ukiniuliza Tabora ikoje nitakwambia ina moshi, maana naijua kwa upande wa uani tu, nyuma ya nyumba ya wakwe zangu, nikiwa nimeinamia sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Nasikia mjini kuna miembe mizuri kando ya barabara. Sijaiona.

Siku tuliporudi kutoka Singida kumzika baba mdogo wa mume wangu, nilikaa barazani kwetu Chanika nikaitazama mikono yangu. Kucha zilikuwa nyeusi kwa masizi na kidole gumba kimekatwa na kisu cha watu. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Nikamwita mume wangu.

"Mwalimu," nikamwambia, "mie nataka safari moja kabla sijafa. Safari ambayo nikishuka kwenye basi hakuna mtu ananisubiri na mwiko."

Akacheka, akidhani ni utani wa uchovu. Nikamwambia sitanii, na kwamba ukitokea msiba mwingine kabla sijaipata safari yangu, atakwenda peke yake na masufuria ya ndugu zake ataosha mwenyewe. Hapo akaacha kucheka.

Mume wangu ni mwalimu wa jiografia. Amefundisha milima na mabonde ya nchi hii karibu miaka thelathini, na sehemu kubwa ya milima hiyo ameiona kupitia dirisha la basi, huku akijibu simu za watu wanaouliza mazishi ni saa ngapi. Akafikiri kwa siku mbili, kama kawaida yake, kisha akaja na jibu wakati nakanda chapati.

"Twende Kitulo."

Akanieleza kwamba Kitulo ni uwanda wa juu, kule kati ya Mbeya na Makete, na kwamba mvua zikinyesha uwanda wote huota maua. Akasema huko Ulaya miezi hii ni majira ya machipuko, watu wanafunga virago wanakwenda mbali kuangalia maua tu, hawana shughuli nyingine yoyote. Sie tunayo ya kwetu na hatuendi. Mie machipuko ninayoyajua ni ya Chanika: mvua za masika zikianza, njia inakuwa tope, vyura wanaingia bafuni bila hodi, na magugu ya kiwanja cha jirani yanafika mpaka kwenye kamba yangu ya nguo. Lakini lile neno la watu kwenda kuangalia maua tu lilinikaa moyoni. Tukakubaliana tuondoke likizo fupi ya Pasaka, shule zikifungwa, maana na mie ni karani wa shule na likizo zetu zinakwenda pamoja.

Kosa langu lilikuwa moja. Niliomba ushauri.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu wa mbele, mzee aliyeendesha mabasi ya mikoani mpaka macho yakamkatalia. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza tunakokwenda, naye akaweka redio chini. Alinishauri kwa saa nzima juu ya siti. Usikae juu ya tairi, utafika na mgongo wa mtu mwingine. Usikae nyuma, utarushwa. Usikae karibu na mlango, kila anayeshuka atakukanyaga. Kwenda kaa kushoto na kurudi kaa kulia, kwa ajili ya jua. Na basi likisimama porini mkaambiwa mkachimbe dawa, shuka hata kama hujabanwa, maana dereva hatasimama tena mpaka moyo wake upende.

"Mie nilikuwaga sisimami," akasema kwa fahari. "Watu walikuwa wananililia."

Wa pili alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa Njombe, ambaye amekaa Dar miaka ishirini na bado anaisema baridi ya kwao kwa majivuno kama mtu anayemsema mwanawe aliyesoma. Aliniambia baridi ya kule haina adabu. Nibebe masweta mawili, soksi nzito, kofia, blanketi, na mafuta ya mgando ya kupaka midomo. Kisha akaniletea nazi kumi kwenye kiroba, akaniomba nimpelekee mama yake.

"Ni hapo hapo tu, jirani. Ukishuka Makambako unachepuka kidogo."

Nikamkatalia. Haikuwa rahisi, maana ndiye anayenilishia kuku zangu nikiwa kazini. Lakini nilishapiga hesabu zangu: nikipeleka nazi, mama wa watu atanikaribisha, akinikaribisha atapika, akipika nitainuka nimsaidie, na jioni utanikuta uani kwa watu nimeinamia sufuria. Nikamwambia sitaki kubeba kitu cha mtu. Alinitazama kwa muda, akaondoka na nazi zake bila kununa, na kutonuna huko ndiko kulikonishangaza.

Wa tatu ni wifi yangu wa Mbezi Beach, ambaye aliwahi kwenda Dubai siku nne na tangu hapo ni mtaalamu wa dunia. Yeye alinishauri kwa simu. Nichague rangi moja ya nguo kwa kila siku ili picha zipendeze. Ninunue miwani mikubwa. Nibebe vazi la kuogelea.

"Wifi, kule asubuhi majani yanaganda kwa baridi," nikamwambia.

"Sasa bwawa la hoteli likoje, wanalipasha moto?"

Nikamwambia kwa kadiri ninavyojua hoteli yenyewe ni gesti ya vyumba sita. Kisha akauliza kile ambacho mzee dereva aliuliza, na mama wa Njombe aliuliza, na mwenye genge la mboga pale kona, na mwalimu mkuu wangu nilipomwomba ruhusa ya siku moja zaidi.

"Kwani mnafikia kwa nani?"

"Hatufikii kwa mtu."

"Mnafikia kwa nani, wifi?"

Kila nilipojibu kwamba hatufikii kwa mtu, tunakwenda kuangalia maua, niliona uso wa mtu ukilainika. Nilidhani ni wivu wa heshima. Nilijiona mtalii.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo sie watu wa huku tunalijua bila kufundishwa. Kwetu mtu akifiwa na ndugu yake aliye mbali, haambiwi. Asije akaanguka njiani, asije akapata presha. Anaambiwa fulani anaumwa kidogo, au anabuniwa safari yoyote ile, anapakiwa kwenye basi, na basi zima linajua isipokuwa yeye. Mie mwenyewe mama yangu alipofariki niliambiwa kuna ugomvi wa mipaka ya shamba la mikorosho Lindi na saini yangu inahitajika. Nilisafiri na kalamu mbili. Kwa hiyo watu walipomwona mwalimu wa jiografia, mtu ambaye hajawahi kumpeleka mkewe hata ufukweni, ghafla ananunua tiketi mbili za kwenda upande wa Mbeya, eti kuangalia maua, na huko Mbeya mkewe ana kaka yake wa pekee, hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Kaka wa watu amekufa. Mume anaficha. Na mke masikini, hana habari, anauliza habari za siti.

Ndipo ushauri ulipobadilika, na mie nisitambue. Mzee dereva alivuka barabara kwa miguu yake mibovu kuja kuniambia amefikiri upya, nikae siti ya mbele kabisa, karibu na dereva, nikijisikia vibaya nimguse tu bega atasimama. Huyu ni mtu aliyejisifu kwamba hasimami. Mama wa Njombe alinipokonya ndoo ya maji bombani akanibebea mpaka mlangoni.

"Beba khanga nyingi, jirani," akaniambia.

"Si ulisema masweta?"

"Na khanga. Na vitambaa vya mkononi."

Nikadhani ni kwa ajili ya mafua. Nikapakia vitambaa saba. Mwenye genge aliniongezea nyanya bila kuombwa na akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Asubuhi moja nilikuta uji umewekwa mlangoni kwenye chupa ya chai, wa ulezi, umetiwa mpaka siagi. Wanawake wa kikundi chetu cha kuweka akiba walinifuta kwenye zamu ya kufagia. Kila mtu akaniambia nile, safari inataka nguvu. Wiki ile nilinenepa. Nikamwambia mume wangu kwamba kumbe utalii unaanza hapa hapa mtaani, mtu hata hajapanda basi, naye akakubali, akasema wenzetu walioendelea ndivyo walivyo.

Zilipobaki siku mbili tuondoke, nilirudi kazini mchana nikakuta turubai linafungwa uani kwa mzee dereva. Masufuria yameshaletwa, kuni zimeshushwa, wanawake kama kumi na tano wamekaa kwenye mikeka wanamenya vitunguu. Sikuuliza. Mtu wa huku haulizi kwanza. Niliingia ndani, nikavua viatu vya kazini, nikajifunga khanga, nikachukua kisu changu, nikaenda kukaa mkekani. Waliponiona walisita, visu vikasimama. Kisha wakanisogezea rundo la vitunguu, nahisi ili nisishtuke, na mie nikaanza kumenya.

Kilichotokea baadaye nimesimuliwa na kila mtu kwa namna yake, lakini mie nilikuwepo. Nilimenya vitunguu kama kilo mbili za msiba wangu mwenyewe, ambao mtaa uliamua kuuandaa mapema ili mume wangu apate nguvu ya kuniambia kabla hatujapanda basi. Niliona macho ya watu yanatoka machozi na sikuona ajabu, kwa sababu na mie yalikuwa yanatoka.

"Kwani nani?" nikauliza hatimaye.

Mama wa Njombe alikuwa karibu yangu, akikata karoti vipande vinene vya ovyo.

"Jamaa mmoja," akasema. "Wa mbali."

"Wa wapi?"

"Mbeya."

"Mbeya sehemu gani? Kaka yangu si yuko Mbeya, huenda akawa anamjua."

Mama wa Njombe akaangusha karoti, akajifunika uso kwa ncha ya khanga, akalia kwa sauti. Na mkeka mzima ukamfuata. Nilibaki na kitunguu mkononi, nikawatazama mmoja mmoja, na wao wananitazama mie. Hapo nikakumbuka uji. Nikakumbuka nyanya, ndoo, siti ya mbele, na vile vitambaa saba ambavyo nimevipakia mwenyewe juu ya masweta.

Nilimpigia kaka yangu. Simu haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Siwezi kusema nililia vipi. Ninachokumbuka ni hasira, na naisema wazi ingawa inanitia aibu: kabla sijamlilia kaka yangu, nililia safari yangu. Niliona kwamba hata maua wameniwekea maiti ndani yake. Kwamba nimeomba kitu kimoja tu, na kumbe hicho nacho kilikuwa kalamu mbili za kwenda Lindi. Kisha nikamkumbuka kaka jinsi alivyokuwa akinibeba mgongoni kuvuka maji ya masika kwenda madrasa, nikamlilia sawasawa, kwa haki yake.

Katikati ya kilio mume wangu akafika. Alikuwa ametoka kununua mitumba, yuko juu ya bodaboda amekumbatia jaketi mbili nene na amevaa tayari kofia ya sufu yenye masikio, katika jua la Chanika. Alipoona turubai akashuka, akaivua kofia kwa heshima, akamwendea mzee dereva.

"Poleni. Nani kafariki?"

Mzee akamkumbatia. "Inatosha, mwalimu. Ameshajua."

"Ameshajua nini?"

"Umejitahidi sana kumficha. Sasa muache mwenzio alie."

Mume wangu akaapa. Akasema wallahi hakuna aliyekufa, tunakwenda kuona maua. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, maana ndivyo hasa anavyosema mtu anayeficha. Akaingia ndani mbio, akatoka na kitabu chake cha kufundishia, akakifungua kwenye ukurasa wa nyanda za juu kusini, akakizungusha mkekani kila mtu aone. Akaeleza udongo wa volkano. Akaeleza mwinuko na mvua. Jasho linamtoka, jaketi bado ziko kwapani. Mzee dereva akampigapiga mgongoni.

"Jikaze, mwalimu."

Na mie, nasema kweli, sikumwamini. Miaka ishirini na sita ya ndoa, nikautazama uso wa mume wangu kuutafutia uongo. Nikamwambia aniambie tu, mie ni mtu mzima, nilishafiwa. Akapiga magoti kwenye mkeka, kwenye maganda ya vitunguu, akanishika mikono.

"Mke wangu, ni maua," akasema. "Ni maua tu. Sina kingine."

Simu yangu ikaita. Namba ya mke wa kaka. Mama wa Njombe akanishika kiuno ili nisianguke vibaya. Nikapokea.

"Mbona mnapigapiga hivyo?" Ilikuwa sauti ya kaka yangu mwenyewe, na alikuwa amekereka. "Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo, iko kwenye mchele tangu juzi. Kuna nini?"

Nikaweka sauti ya nje, watu wasikie. Akaendelea kulalamika juu ya simu, bei ya simu, na mtoto aliyeacha ndoo mlangoni, na kila neno lake la kulalamika lilikuwa tamu masikioni mwangu. Watu wakaanza kucheka na kufuta machozi. Wengine, nasema nilichokiona, walikunja uso kidogo, maana mchele ulishatiwa majini.

Ingeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini mume wangu, kwa furaha, akainamia simu akamwambia shemeji yake kwamba tunakuja upande wa kwao keshokutwa.

"Mnakuja? Alhamdulillahi, Mungu amewaleta. Jumamosi nina kahitima kadogo ka mkwe wangu, watu mia tu. Huyu mke wangu mgongo unamsumbua. Dada, utamshikia jiko. Si mnafikia kwangu?"

Sauti ilikuwa nje. Watu wote wakanigeukia, na nikaona kwenye nyuso zao kwamba wamefarijika, kwamba hatimaye safari hii imepata maana. Imepata mwenyeji, imepata jiko, imepata na marehemu. Mume wangu akatazama chini. Alijua alichokifanya.

Nilimpenda kaka yangu dakika ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Uso wangu ulikuwa bado umelowa machozi yake. Kama kuna saa ambayo dada hawezi kumkatalia kaka, ni ile, na mbele ya mtaa mzima uliokuja kunisaidia kumlilia. Kinywa changu kilishafunguka kusema sawa. Nilikisikia kabisa kinatengeneza neno.

"La, kaka," nikasema.

"La nini?"

"Sifikii kwako. Nitapita kukuona wakati wa kurudi, nitakaa saa moja, nitakushika uso wako, nitaondoka. Kupika sipiki."

"Una nini wewe? Nani kafa huko?"

"Wewe," nikamwambia. "Nimekulilia leo mchana kutwa na nimemenya vitunguu vyako kilo mbili. Zamu yangu nimemaliza."

Nikasikia maji ya mchele yanachemka. Upande wa pili kaka alikuwa anamnong'oneza mkewe kwamba dada amechanganyikiwa. Mwanamke mmoja mkekani akasema astaghfirullahi kwa sauti ya chini. Nilijua nitasemwa mwezi mzima, na nilisemwa, tena zaidi ya mwezi.

Aliyenijibu ni mzee dereva. Alikuwa amejishika kiuno, anatazama turubai lake kama fundi anayetafuta kosa.

"Basi kama hakuna msiba," akasema, "siti ya mbele haina maana. Rudi kushoto, katikati, mbali na tairi."

Chakula kikaliwa, maana kilishapikwa. Mama wa Njombe akarudi na zile nazi kumi, akazikuna zote, wali ukawa mtamu ajabu. Mume wangu akazungumzia udongo wa volkano kwa mara ya pili, na safari hii watu wakamsikiliza huku wakila, wengine wakauliza maswali. Wifi yangu aliyefika amechelewa kutoka Mbezi Beach, amevaa nyeusi tupu na miwani mikubwa, aliambiwa hakuna aliyekufa akakasirika, kwa sababu ya nauli na foleni.

Tuliondoka siku tuliyopanga, tukakaa kushoto. Mikumi tuliona swala na matako ya tembo mmoja. Basi liliposimama porini nilishuka kuchimba dawa ingawa sikubanwa, kwa kumheshimu mzee. Kutoka Chimala tukapanda gari dogo la kwenda Matamba kwa ile barabara ya kona hamsini na saba, na mume wangu alizihesabu zote kwa sauti mpaka abiria mmoja akamwomba apumzike. Tuliposhuka, hakukuwa na mtu. Nilisimama na begi langu, baridi inanipiga masikioni, nikatazama huku na huku kama nimesahau kitu. Kila safari mtu alikuwa akinipokea begi na kunionyesha njia ya uani. Safari hii watu walipita na shughuli zao.

Kesho yake tukapelekwa uwandani. Sitaeleza maua, sijui majina yake. Yalikuwa ya njano, meupe, ya zambarau, na mengine mekundu yaliyosimama wima, yanakwenda mpaka unapoishia uwezo wa jicho, na ukungu unapita juu yake taratibu. Mume wangu alisimama na ile kofia yake ya masikio na hakufundisha chochote. Nikamngoja aanze. Hakuanza.

"Vipi, mwalimu?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naichora ubaoni ndogo hivi," akasema, akaonyesha kwa vidole kitu cha ukubwa wa sahani. "Miaka yote hiyo. Nimewadanganya watoto wa watu."

Nikamshika mkono, tukakaa kwenye jiwe, tukala mayai ya kuchemsha. Hakuna aliyetuuliza tumefikia kwa nani.

Jioni, jua bado lipo, mama mwenye gesti alituletea chai ya tangawizi kwenye kibaraza. Nikanywa. Nilipomaliza nikainuka, nikakusanya kikombe changu na cha mume wangu, na sahani, na kijiko, nikaanza kuzunguka nyumba kutafuta palipo na maji. Sikufikiri. Miguu yangu ilijua yenyewe uani ni wapi. Yule mama akanikuta kwenye kona na vyombo mkononi.

"Mama, unakwenda wapi navyo?"

"Naviosha."

Akavichukua mikononi mwangu, taratibu, kimoja kimoja. Alikuwa mdogo kwangu, labda miaka thelathini na kitu, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa baridi na maji.

"Nenda kakae, mama," akasema. "Wewe ni mgeni."

Nilirudi kibarazani nikakaa. Mume wangu akaniuliza mbona nalia, nikamwambia subiri kwanza. Nilitafuta pa kuiweka mikono yangu, nikaiweka mapajani, na nilipoitazama ilikuwa imetulia, haina kitu.